Gunzi Kwenye Chupa ya Uswisi

Mvinyo mwekundu una tabia moja ambayo nusura inikoseshe mke: wajuzi wake wanasema ni lazima upumue kabla ya kunywewa. Unaufungua, unauweka mezani, unauacha uvute hewa kama mgonjwa aliyetolewa wodini kuota jua la asubuhi. Mimi sikuwa mjuzi. Nilikuwa nimeambiwa tu, tena na mtu wa Uswisi, na msomi wa chuo kikuu akishaambiwa jambo na mtu wa Uswisi ni kazi kubwa kumtoa jambo hilo kichwani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu Butimba, Mwanza, nikiwafundisha walimu wa kesho namna ya kufundisha, kazi inayomfanya mtu aamini kwamba kila aliye mbele yake amekuja kujifunza. Mali yangu ilikuwa baiskeli, rafu ya vitabu na suruali mbili za kwendea mbele za watu. Na nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kisukuma ambaye kwao ni Igoma, jirani na barabara ya Musoma. Mimi ni Mhaya wa ng'ambo ya ziwa. Hilo lilikuwa na uzito wake, lakini halikuninyima usingizi. Aliyeninyima usingizi alikuwa wakala wa sangara.

Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga, na kila kiwanda kilihitaji watu wa kuzunguka visiwani kununua samaki. Bwana huyu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na pikapu, saa ya dhahabu na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za injini. Alikuwa amekwisha kufika kwa wazazi wa mchumba wangu kujieleza, na alifika na kreti za bia za kila rangi, zikiwemo zile za makopo zilizoanza kuingia kutoka nje.

Mchumba wangu aliniletea habari hizo chuoni, tukiwa tumesimama nyuma ya bwalo.

"Baba amesema atawasikiliza na ninyi Jumapili," alisema. "Baada ya hapo atatoa jibu moja. Hasikilizi tena mtu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekwisha kumwambia nani ninayemtaka. Sasa anataka kumwona mwenyewe. Njoo tu kama mtu wa kawaida, tafadhali."

Ningemsikiliza. Lakini kabatini kwangu kulikuwa na chupa.

Chupa ile niliachiwa na mhandisi wa mradi wa visima aliyekuwa akikaa kule kilimani karibu na ziwa, kati ya yale majabali yetu yaliyobebana. Kila Jumamosi nilikwenda kumfundisha Kiswahili kwenye kibaraza chake, naye akishachoka na ngeli za majina alikuwa akinipa habari za kwao. Kwao ni Valais, bonde refu la mto Rhône, lililobanwa na milima yenye theluji pande zote mbili. Nilidhani mahali penye theluji lazima palowe mwaka mzima. Akacheka. Alisema bonde lile ni kavu, mvua inaishia milimani, na jua linapiga mawe kutwa nzima hadi mawe yanabaki na joto hata baada ya jua kuzama, na zabibu zinalipenda joto hilo. Mashamba yamekatwa kama ngazi kwenye mteremko, na kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Mahali pengine pamesimama kiasi kwamba trekta haithubutu, watu wanashusha zabibu mgongoni. Maji ya kumwagilia yanatoka kwenye barafu ya juu kabisa, yanapitishwa kwenye mifereji iliyochongwa ubavuni mwa miamba, na kila ukoo una zamu yake. Babu yake, alisema, aliwahi kurusha ngumi mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya zamu ya maji. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini Uswisi.

Mvinyo wenyewe unaitwa Dôle. Hutengenezwa kwa zabibu za aina mbili zinazochanganywa, pinot noir na gamay. Ya kwanza, kwa maelezo yake, inaleta adabu, na ya pili inaleta uchangamfu. Ni mwekundu usio mzito, na nje ya nchi yao hauonekani sana, si kwa ubaya, ila wanaoulima wanaunywa wenyewe na hawaubakizi. Huenda na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa upepo wa milimani na kukatwa nyembamba kama karatasi, pamoja na mkate mweusi mgumu. Huenda na jibini, uyoga, soseji, na ndege wa kufugwa. "Hata samaki wa ziwani," alisema, "ila usimkamulie ndimu kama mnavyofanya hapa." Mkataba wake ulipokwisha alinipa chupa yake ya mwisho kama mtu anayekabidhi mtoto. "Imekaa kwenye joto la kabati langu muda mrefu," alionya. "Ukiifungua itakuwa imenuna. Ipe saa moja ipumue kwanza."

Kwa hiyo niliposikia habari za kreti za bia, nilipiga hesabu ya kisomi. Kwa wingi sikuweza kushindana na sangara. Nikaamua kushindana kwa jiografia.

Jumapili asubuhi nilikaa na chupa ile mezani kwangu nikagundua kwamba sina kizibuo, wala simjui mwenye kizibuo. Nikapata parafujo ndefu na koleo kutoka karakana ya chuo. Nilizungusha parafujo kwenye kizibo, nikaibana chupa kati ya magoti, nikavuta. Nusu ya kizibo ikatoka, nusu ikazama. Nikamimina mvinyo kwenye jagi kwa kupitia chujio la chai, nikaurudisha chupani bila faneli, na sehemu ikaenda mezani na kwenye shati. Nilibadili shati. Nilijiambia kwamba kwa vyovyote ilikuwa bora kuliko kupigana na chupa kwa koleo mbele ya mkwe, na kwamba mpaka tufike Igoma mvinyo utakuwa umepumua vya kutosha. Ila nilihitaji kitu cha kuzibia njiani. Jirani yangu alikuwa amepukuchua mahindi uani. Nikachukua gunzi, nikalichonga kwa kisu, likaingia kwenye shingo ya chupa kana kwamba viliumbwa pamoja. Nikaizungushia chupa taulo lililolowa maji ili isipate moto, nikaiweka kwenye kikapu. Nakumbuka nilijipongeza.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa baa ya kwetu anajua kwamba chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji. Mhudumu akija nayo imefunguliwa kaunta, unairudisha, hata kama ni soda, hata kama mhudumu ni dada yako. Si ugomvi, ni utaratibu. Na kila mtu aliyekulia kanda ya ziwa anajua chupa iliyozibwa kwa gunzi huwa na nini: ama gongo, ama dawa iliyotoka kwa mganga. Nilijua yote hayo. Nimerudisha soda mara nyingi. Lakini asubuhi ile sikuwa Butimba, nilikuwa Valais.

Msemaji wangu alikuwa mjomba, karani wa bandari, mtu wa maneno matamu ambaye ndiye mzee wangu pekee aliyekuwa Mwanza. Rafiki yake alituazima gari. Njiani aligusa kikapu kwa kiwiko.

"Kuna nini humo?"

"Utaona, mjomba. Kitu cha Ulaya."

"Safi," alisema. "Wajue tumetoka mbali."

Baba wa mchumba wangu alitupokea mlangoni. Alikuwa mpimaji wa pamba katika chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia, mizani ya ushirika ikakosa cha kupima, naye akarudi nyumbani na kufungua mashine ya kusaga. Macho ya mizani hakuyastaafisha. Alitutazama mmoja mmoja, kuanzia viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kwa amani?"

"Amani tupu," alisema mjomba.

"Karibuni ndani. Huyu ndiye anayewafundisha walimu?"

"Ndiye, mzee."

"Kumbe wakikosea nijue wa kumfuata."

Tulicheka. Sebule ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, na bati juu yetu lilikuwa linalia kwa joto. Kwenye mlango wa kuingilia uani, juu ya kigoda, alikuwa amekaa bibi, mama mzazi wa mzee. Mchumba wangu alikuwa ameniambia habari zake. Miaka ile, kule vijijini, kikongwe mwenye macho mekundu hakuwa salama. Macho yenyewe yanakuwa mekundu kwa moshi wa kupikia wa miaka nenda rudi, lakini mtoto wa jirani akifa hakuna anayeulaumu moshi. Maneno yalipoanza kuzunguka kijijini, mzee alikwenda na lori la kubebea mahindi, akampakia mama yake na kuku wake, akamleta mjini. Nilimsalimia kwa Kisukuma nilichofundishwa, naye akanijibu kwa maneno mengi ambayo sikufundishwa.

Mchumba wangu hakuonekana. Alikuwa jikoni, uani, kama inavyotakiwa. Mama yake alikuwa anaandaa meza: ugali wa mtama, kuku wa kienyeji, sato wawili wa kukaanga, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna taratibu.

"Nyie Wahaya," mzee alimwambia mjomba, "hata mkija kuomba mnakuja na vitabu?"

"Leo tumeviacha nyumbani, mzee. Tumekuja na kikapu tu."

"Na kikapuni mna nini?"

Mjomba alinigeukia kwa fahari. Nikasimama, nikatoa chupa, nikafungua taulo lililolowa. Nikaiweka mezani katikati ya kuku na sato, na bila kutazama nyuso za watu nikaanza kueleza. Nilieleza milima. Nilieleza kuta za mawe zisizo na saruji. Nilikuwa nimefika kwenye mifereji ya maji ndipo nilipohisi mkono wa mjomba umenikamata suruali kwa nyuma na kunivuta chini, taratibu, kama mtu anayeteremsha bendera.

Mama mkwe alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Alirudi nalo hatua moja.

Mzee alikuwa anatazama gunzi.

"Nani kaifungua?" aliuliza.

"Mimi, mzee."

"Wapi?"

"Nyumbani kwangu. Leo asubuhi."

"Mbele ya nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Aliinua chupa kwa vidole viwili, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Haijajaa."

"Ilimwagika kidogo, mzee."

"Ilimwagika." Akaishusha. "Na hili ni gunzi."

"Ni gunzi. Kizibo chake kilivunjika."

"Kwa nini hukuja kuifungulia hapa?"

Sasa niliona vizuri kabisa mahali nilipokuwa. Lakini swali lilikuwa na jibu la kweli, na mimi ni mtu wa kujibu maswali.

"Ili ipumue, mzee."

Bati lililia juu yetu. Mzee alimgeukia mjomba. "Ipumue. Wewe umemwelewa?"

"Mzee," alisema mjomba, na utamu wote ulikuwa umemwisha kinywani, "mimi ni mtu wa bandari."

Mzee hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Alitueleza, akitazama meza, kwamba alikuwa na mdogo wake. Mdogo wake alikwenda kwenye harusi, kijiji cha pili, akapewa pombe kwenye kibuyu kilichotolewa ndani kikiwa tayari kimefunguliwa. Alikunywa kwa sababu alikuwa mtu wa watu. Alirudi nyumbani ameshika tumbo, na kulipokucha alikuwa amekwisha. Hakuna aliyemtaja mtu. Walizika, wakanyamaza. Tangu hapo yeye, mzee, anakunywa kile tu kilichofunguliwa akiona.

"Sisemi wewe ni mtu mbaya," aliniambia. "Sikujui. Ndiyo maana tuko hapa, nikujue."

"Nitakunywa mimi kwanza," nilisema.

Hakuna aliyenizuia. Nilichomoa gunzi, likatoa mlio mdogo ambao kila mtu aliusikia, nikajaza bilauri, nikanywa yote. Mtu wa Uswisi angelia. Aliniambia ninywe kidogo kidogo, niuzungushe ulimini, nitafute ladha ya cheri. Cheri sijawahi kuziona, na siku ile sikutafuta kitu. Niliweka bilauri chini ikiwa tupu.

"Umekunywa," alisema mzee.

"Nimekunywa, mzee."

"Anayekuja na jambo lake huanza kunywa kinga nyumbani kwake. Anakunywa mbele yenu anafuta mdomo. Ninyi ndio mnabaki." Alivuta sahani karibu. "Tule kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyokula. Sijawahi kula chakula kizuri kiasi kile kwa uchungu kiasi kile. Chupa ilisimama katikati, imefunguliwa, ikipumua kwa starehe zake zote, na hakuna mkono uliopita karibu nayo. Mama mkwe alizungusha bakuli la nsansa kwa upande wa mbali ili asiivuke. Mwalimu ndani yangu hakufa lakini. Nilimwona sato na ndimu yake nikawaza, hapana, si huyu. Niliionja karanga ya nsansa nikawaza, labda. Nilimtazama kuku. Nilikuwa mtu anayepanga viti kwenye ukumbi unaoungua.

"Unatokwa jasho," alisema mzee.

"Ni pilipili, mzee."

"Pilipili iko upande wangu."

Mjomba aliisogeza pilipili upande wangu, amechelewa.

"Yule bwana wa sangara," mzee aliendelea, akimwambia mjomba kana kwamba mimi sipo, "alileta bia zake tukafungua wenyewe hapa hapa, moja moja. Ana maneno mengi. Anacheka sana. Lakini alichokileta nilikielewa. Binti yangu anasema anamtaka huyu wako. Sawa. Ila nikisema ndiyo leo, ina maana atakula na kunywa kwenye mkono wa huyu mpaka siku ya kufa, na mimi sitakuwepo kutazama nani amefungua nini. Unanielewa?"

"Nakuelewa sana, mzee."

"Kwa hiyo usiniharakishe."

Hatukumharakisha. Tulikula tukimalizia ugali, na niliona kwamba mzee anakaribia mwisho. Kwenye sahani yake alikuwa amebakiza firigisi peke yake. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za kwetu, firigisi ni ya baba; watoto hukua wakiitazama ikipita. Yeye alikuwa anaihifadhi iwe ya mwisho. Alimwashiria mkewe alete maji ya kunawa, na nikajua kwamba akishanawa atasema, na atakachosema hakitarudi nyuma. Nilimwangalia mjomba. Mjomba alikuwa anaangalia kofia yake.

"Nadhani tumesikilizana," alianza mzee.

"Lete hapa hicho kitu," alisema bibi, safari hii kwa Kiswahili.

Alikuwa hajasema neno tangu salamu. Alikuwa amekula pale pale mlangoni, na mkono wake sasa ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu, kuelekea chupa.

"Mama, hapana," alisema mzee.

"Nimesema lete."

"Mama, hatujui kilichomo."

"Na mimi je, mnajua kilichomo?" Bibi alicheka, meno machache, macho mekundu kama siku zote. "Kule kijijini si walisema naua watu kwa kuwatazama? Wakasema nina chupa zangu chini ya kitanda. Wewe ukaja na lori usiku kucha kunitoa. Wao walikuwa na uhakika kama wewe ulivyo na uhakika leo."

"Sijasema nina uhakika."

"Basi lete."

Mzee hakusogea. Mama mkwe hakusogea. Bibi akanyanyuka mwenyewe, akishika ukuta, akaja mezani, akaichukua chupa kwa shingo kama anavyoshikwa kuku, na kumimina kwenye kikombe chake cha bati. Hakunusa, hakuzungusha. Akanywa nusu, akatulia, akiwa amefumba midomo. Sikuwa naogopa sumu, maana nilijua hakuna. Niliogopa umri wake. Mtu wa umri ule anaweza kufa kwa jambo lolote, hata kwa furaha, na kama angechagua dakika ile nisingekuwa na la kumwambia mtu yeyote duniani.

"Kali kidogo," alisema. "Halafu inakubali."

Akamaliza kilichobaki. Kisha akainama juu ya sahani ya mwanawe, akachukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia mdomoni.

"Inataka hii," alisema akitafuna.

Katika orodha ya mtu wa Uswisi ndege wa kufugwa walikuwamo. Firigisi hakuitaja. Mzee alitazama sahani yake tupu, na kwa muda mfupi nilimwona alivyokuwa mtoto.

Bibi alijimiminia tena, akarudi kwenye kigoda, akaegemea fremu ya mlango. Mama mkwe alishika jagi la maji bila kumimina. Kila mmoja wetu alijifanya anatazama kitu kingine, na wote tulimtazama yeye. Alikunywa kikombe cha pili taratibu zaidi. Alisema jambo moja kwa Kisukuma, nami nikaambulia neno mvua tu. Halafu kichwa chake kikainama kifuani, kikombe kikateleza kutoka mkononi, kikagonga sakafu na kubingirika hadi chini ya meza.

Hakuna aliyepumua isipokuwa chupa.

Mzee alisimama. Alikwenda pale mlangoni kwa hatua za mtu anayekwenda kusoma mizani asiyotaka kuisoma. Alipiga goti. "Mama," aliita, si kwa nguvu. Mjomba alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nikiwaza sentensi, kwa maana hivyo ndivyo ninavyofanya ninapoogopa, na kila sentensi ilianza na neno Uswisi. Mzee alimwekea mama yake mkono begani. Aliinamisha uso karibu na mdomo wake.

"Unaninusa nini?" aliuliza bibi bila kufumbua macho.

"Nilidhani…"

"Nimeshiba. Nimelala. Nyumba hii mtu halali?"

Mama mkwe aliketi chini pale pale alipokuwa, na maji ya jagi yakammwagikia miguuni. Mzee alibaki amepiga goti muda kidogo. Nilidhani anacheka, kisha nikaona kwamba anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Alipoinuka alikuwa mpimaji tena. Alirudi kwenye kiti chake, akaivuta chupa, akaigeuza, akaitazama karatasi yake yenye picha ya mlima, akalichukua lile gunzi na kulipima kwa kidole gumba.

"Nisikilize," alimwambia mjomba. "Mimi sitakunywa hiki kitu. Leo wala kesho."

"Haki yako, mzee."

"Lakini nimefikiri. Mtu mwenye nia mbaya angekuja na chupa imefungwa vizuri, inang'aa. Angejipanga. Angekuwa na jibu la kila swali. Huyu," akanielekezea gunzi, "kafungua chupa akiwa peke yake. Kamwaga. Kaziba kwa hili dude. Kaifunga kwenye taulo bichi. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia inapumua. Mtu wa namna hii hawezi kumuua mtu. Hawezi hata kumwibia."

"Hawezi kabisa," alisema mjomba, kwa haraka niliyoiona si ya lazima.

"Yule mwingine alikuwa na jibu la kila kitu. Lilinisumbua nisijue kwa nini. Nendeni mkawaite wazee wenu wavuke ziwa. Waje tuongee mambo ya ng'ombe. Wazee, nimesema. Watu wazima."

Nilifungua kinywa nishukuru, na kwa bahati nzuri hakikutoka kitu. Bibi alikuwa anakoroma. Mama mkwe alicheka peke yake pale sakafuni, akikamua maji kwenye kitenge. Na kutoka uani, nyuma ya pazia la mlango, tulisikia sufuria kubwa likiwekwa chini polepole, na mtu aliyekuwa amelishikilia muda wote ule akishusha pumzi.